Bi Lydia Gakii na Mtu Aliyeshika Hatamu za Farasi

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Bi Lydia Gakii anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya utafiti wa nasaba, hapa Walthamstow, London, kwa miaka ishirini na sita. Bhavini, mkuu wetu, ameniomba niandike wasifu huu kwa Kiswahili, kwa kuwa Bi Gakii mwenyewe amesema hotuba za Kiingereza amezisikia za kutosha.

Alizaliwa Timau, Meru, akaja London kusomea ukutubi. Kwetu aliajiriwa kwa muda mfupi tu, kushika nafasi ya mwenzetu aliyekwenda kujifungua. Mwenzetu hakurudi, naye Bi Gakii hakuondoka. Mchana alikuwa akishuka sokoni na kurudi na ndizi mbichi, anaziweka juu ya makabati ya kumbukumbu. Wateja wengi wamemtafuta babu mwanajeshi huku ndizi zikiwaning'inia kichwani.

Kazi yake ilikuwa wajukuu wa walowezi. Walikuja na medali na picha za babu zao waliopigana Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha wakapewa mashamba Kenya. Bi Gakii aliwatafutia vikosi, vyeo, meli na makaburi. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, hata pale alipojua shamba linalosimuliwa lilikuwa la nani kabla.

Mwaka 2016 alikuja Jeff, dereva wa treni mstaafu, na picha ya babu yake, kapteni, akiwa juu ya farasi. Pembeni alisimama Mwafrika ameshika hatamu.

"Na huyu ni nani?" Bi Gakii akauliza.

"Sijui," Jeff akajibu. "Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza."

Bi Gakii akatuma nakala ya picha kwa shangazi yake Timau, na shangazi akawaonyesha wazee. Ajuza mmoja, Kaburo, alipoiona alilia. Yule mshika hatamu alikuwa baba yake, M'Ikiara, aliyembebea kapteni mizigo vitani, akarudi akichechemea, akakuta malisho ya ng'ombe wa kwao yamekuwa shamba la kapteni yule yule. Akabaki hapo kumtunzia farasi. Kaburo hakuwa na picha yoyote ya baba yake. Aliomba mjukuu wa kapteni amletee picha ile yenyewe, si nakala, mkononi.

Jeff akaogopa. "Nikienda watanidai ardhi."

"Hajataja ardhi, Jeff. Anataka mkae, akutazame."

Jeff aliomba muda. Bi Gakii hakumsukuma. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kumwachia mteja aamue mwenyewe. Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Jeff alipokata tiketi hatimaye, shangazi alipiga simu: Kaburo ameshazikwa.

Jeff alikuja ofisini, akakaa bila kuvua koti. Bi Gakii akachukua likizo, wakasafiri pamoja. Mwana mkubwa wa Kaburo aliwapa chai, akaipokea picha kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu.

"Asante kwa kuja," alisema. "Lakini aliyekuwa akikungoja hayupo."

Hawakuonyeshwa kaburi, wala hawakuthubutu kuomba.

Tangu hapo Bi Gakii hakumruhusu mteja aondoke bila kumuuliza juu ya kila mtu aliyemo pichani, na jina likipatikana alimsumbua kwa simu mpaka ajibu atakwenda au hatakwenda. Kuna familia zilizokutana kwa sababu hiyo, wazee wa pande zote mbili wakiwa hai. Mimi naona hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya ofisi hii. Yeye hapendi yatajwe.

Wiki iliyopita nilimuuliza angependa niandike nini. Alikuwa akikusanya vitu vyake mezani, hakuinua kichwa.

"Andika kwamba yule mama tulimngojesha mpaka akafa, Matar. Usiipambe habari hiyo."

Nimeandika, Bi Gakii. Tunakushukuru kwa kazi yako, na kwa kutukataza kujisifu. Nenda ukapumzike Lewisham karibu na binti yako Daisy na wale wajukuu wanaokujibu kwa Kiingereza. Mungu akujaalie afya na siku za utulivu. Kiti chako bado kipo pale dirishani, na hakuna aliyekubali kukikalia.