Shimo la Arobaini

Mzee mpiga chapa mstaafu alikuwa anasoma gazeti, au tuseme amelishika tu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa kwa abiria wawili waliokaa mbele yake kwenye treni. Mama fundi cherehani alikuwa akimweleza jirani yake mwenye viatu vya matope kwamba ameuza vyerehani vyake vyote viwili, akanunua hisa za kampuni changa ya dhahabu. "Hawajaanza kuchimba, mwanangu, ila nikifumba macho naiona inang'aa huko chini."

"Kampuni gani hiyo, mama?"

Akamtajia. Yule bwana akacheka kidogo. "Basi mimi ndiye ninayewatobolea miamba. Tumetoboa mashimo thelathini na tisa, yote yametoa maji. Matamu sana, lakini maji."

Mama hakushtuka. "Na la arobaini?"

"Ndilo ninaloliendea."

"Toboa taratibu, basi. Vyerehani vyangu vimo humo."

Mzee alikuwa na la kusema juu ya hisa, lakini hakuna aliyemuuliza. Treni ikasimama. Mtoboaji akashuka, akaacha vipande vya matope makavu sakafuni. Mama akainama, akavikusanya kwenye leso, akawa anavigeuzageuza penye mwanga wa dirisha. Mzee akajikuta amekunja gazeti, naye anachungulia.