Kulasi ya Révérien na Mlima wa Kinyinya

Benchi la Xavérine pale Nyamirambo, mjini Kigali, ni ubao mmoja, mawe mawili na birika la kahawa ya tangawizi, kando ya cherehani yangu. Mwaka huo wa tisini, tangu Kameruni watolewe Kombe la Dunia, hatukuwa na cha kubishania, mpaka Corolla ya Révérien, mwenzetu wa benchi, ilipozimika kwenye mlima wa Kinyinya. Alikuwa amekwenda na wazee wake kubisha hodi kwa kina Annick, mchumba wake, na wakwe wenyewe ndio waliolisukuma gari hadi langoni. Baba mdogo wa Annick akasema mbele ya watu: "Bwana ambaye gari lake tunalisukuma sisi, na mke wake tutamsukumia?" Watu wakacheka, maana utani wa wakwe ndivyo ulivyo. Révérien hakucheka. Wiki mbili nzima akaifungua injini, na mimi nikakosa kioo cha wateja, kwa sababu fundi Salvator, Mrundi tunayemwita Bujumbura, alitaka kitu kilichonyooka cha kubandikia msasa ili asugulie kulasi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda. Wateja wangu walivaa suruali bila kujiona, na lawama zikaja kwangu. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, injini ilikuwa imefungwa tena. Saa nane tulitakiwa Kinyinya kuposa.

— Nimetoa milimita mbili, alisema Salvator, vidole vyeusi kwa mafuta. Mbili! Moto ukiubana, iko nakasirika. Ikikasirika, inasukuma.

— Mbili ni nyingi, nikasema. Supapu zikifunguka zitagonga pistoni.

— Wewe Sindano, shona suruali! Mimi nilipima na ugali. Niliweka ugali juu ya pistoni, nikafunga kulasi, nikazungusha injini na mkono, nikafungua. Supapu ilifinya tu, ugali ikabaki unene wa sarafu. Nafasi iko!

— Ndiyo maana ulinunua ugali wangu ukaacha maharage! akapiga kelele Xavérine. Nikadhani umefunga!

Mutsinzi, fundi baiskeli, tunamwita Methali, na jina hilo si sifa. Akaweka kikombe chini.

— Salvator asiogope kusugua. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

— Methali, hiyo inasema kulasi itaisha.

— Sawa! Iishe! Kulasi haiko, uzito hauko. Gari inakuwa nyepesi.

Révérien hakuwa amekunywa hata funda moja.

— Na supapu? akauliza. Zile kubwa nilizonunua Nyabugogo, zimekaa vizuri?

— Zimekaa kama maharusi, akasema Salvator. Nimezisugua siku tatu, kijiti katikati ya viganja, mpaka hewa haipiti. Sikiliza sha, rafiki yangu, supapu ni pua. Injini ya Bujumbura iko chini kwenye ziwa, inavuta hewa nzito, inashiba. Ya huku milimani inavuta, inavuta, inabaki na njaa. Mimi nimeipanua pua.

— Basi itapiga chafya, akasema Mutsinzi.

— Reka, acha utani! Kwetu jamaa mmoja alipanua supapu sana. Alipokanyaga mafuta, kofia ya polisi ikavutwa, ikaingia kwenye kabureta.

— Na polisi mwenyewe? akauliza Xavérine.

— Alishika nguzo. Mpaka leo anaogopa Toyota.

— Hiyo ndogo, akasema Mutsinzi. Hii ya Révérien itapita nyumba ya wakwe bila kusimama. Tutaposea mbali kule Byumba, kwa watu hatuwajui.

— Mimi naona gari itafika mbele yetu, akasema Xavérine. Tutaikuta imekaa kwenye kiti, imepewa bia, inaulizwa habari za nyumbani!

Tulicheka mpaka ubao ukateleza kwenye mawe. Révérien akaona yatosha, akaingia garini na kuzungusha ufunguo.

Ee ndugu zangu! Kinyozi wa jirani alitoka mbio na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake kichwa nusu. Tukajipakia wote, Xavérine na birika lake, na kupandisha kuelekea Mlima Kigali kwa gia ya tatu. Tulilipita lori. Tulilipita basi! Mutsinzi alitoa kichwa dirishani akimwambia dereva wa basi kwamba haraka haraka haina baraka. Nilipiga kelele kama mtoto na sioni haya kulisema. Kwa wiki mbili niliamini tunaharibu chuma cha watu, kumbe tulikuwa tunatengeneza mnyama.

Tuliporudi, Révérien aliacha injini ikinguruma, akajifuta macho na kitambaa cha mafuta.

— Wataona leo, akasema. Siku ile Annick aliinamisha uso kwa sababu yangu. Nampenda yule mtoto. Sitaki achekwe tena.

Hapo akatokea mama wa makamo kwenye mshanana wa buluu, lile vazi la sherehe la kufunga begani, begi mkononi. Alikuwa Winifred, shangazi yake Révérien aliyeolewa Bukoba. Alikuwa amelala Kibungo njiani ili aiwahi posa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Mutsinzi, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake.

— Gari limepona, mwanangu? shangazi akamwuliza Révérien.

— Shangazi, linapanda kwa gia ya tatu!

— Hongera. Na likishafika juu, nani atasema?

— Kusema nini?

— Msemaji wenu. Mzee wao atatutania, atatunyima binti, atatufumba mafumbo. Nani atamjibu?

Révérien akakikunja kile kitambaa.

— Si baba mkubwa Viateur? Siku ya kubisha hodi alisema yeye.

— Nimepita kwake Rwamagana leo asubuhi. Analima. Anasema hakuna aliyekuja kumwomba.

Révérien akatugeukia. Salvator akasema Kirundi chake kitawachekesha wakwe. Mimi nikaanza kutafuta uzi kwenye suruali yangu. Mutsinzi akafungua mdomo.

— Wewe hapana! tukasema wote kwa pamoja.

Saa ilikuwa tano na robo. Révérien akaruka garini.

— Rwamagana ni saa moja kwa gari hili! Naenda, namchukua, narudi!

— Utafika, akasema shangazi, bila hasira. Lakini mtu mzima anaombwa siku nyingi mbele, kwa pombe na heshima. Wiki mbili umemsahau. Ukishuka pale shambani kwake, utaanza na neno gani?

Salvator alifungua boneti akaanza kuifuta kulasi. Xavérine alimmiminia shangazi kahawa.

Révérien akazima gari; neno la kumwomba mzee halikuwemo kwenye injini.