Nilikwenda Kwenye Televisheni Kumfukuza Mtu Nisiyejua Jina Lake

Bwana asifiwe, watu wa Kishanda! Na ninyi mlioniona kwenye televisheni nikitoka jasho, kwenu asifiwe mara mbili! Najua mlicheka. Chekeni tu, ndugu zangu, hata mimi leo nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie.

Mnanifahamu. Mimi ni Ma Kokusima, mjane, naimba sauti ya kwanza kwaya ya akina mama, na mdomo wangu mnaujua. Mdomo huuhuu uliomsifu Mungu Jumapili, Jumatatu ulikuwa unatukana. Nilikuwa na mtu aliyenilimia kibanja changu cha migomba na kahawa miaka kumi na mmoja. Baba yake alitoka Burundi, lakini yeye kazaliwa hapahapa Muleba, na Kihaya anakijua kuliko wajukuu zangu. Mimi nilimwita Mushuti. Wageni mlio hapa, hilo ni neno letu la kumdharau kibarua aliyetoka nchi ya jirani, na tunalitamka bila hata kupepesa macho. Chai yake nilimpa kwenye kikombe cha plastiki kilichoning'inia kwenye msumari nyuma ya jiko. Kikombe kile hakikuingia ndani hata siku moja. Na jioni napiga magoti, naomba baraka!

Basi, shemeji yangu akakubali kumuuzia kile kipande cha pembeni kilipo kibanda chake. Weee! Mori ulinipanda. Niliwaita watu wa ukoo, nikasema ardhi ya mababu zetu haiwezi kwenda kwa Mushuti, labda mnizike kwanza. Wakanisikiliza. Wakampa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka na mke wake na watoto. Yeye hakugombana na mtu, aliomba tu kuongea na mimi. Nikakataa. Niongee naye nini?

Habari zikawafikia watu wa televisheni mjini Bukoba. Wana kipindi cha kuwakalisha watu waliokosana, uso kwa uso, waulizane wenyewe. Waliponiita nilifurahi kupita kiasi! Nikashona kitenge kipya, nikawaambia wanakwaya wote wakae mbele ya televisheni wanitazame. Nilisema moyoni, leo Kagera nzima itajua nani mwenye haki.

Tukaketi. Meza ndogo, taa kali, yeye kule, mimi huku. Miaka yote ile sikuwahi kukaa naye kwenye viti vinavyolingana. Mtangazaji, binti mdogo tu mwenye adabu zake, akasema kabla hatujaingia kwenye ugomvi, kila mmoja amtambulishe mwenzake kwa watazamaji. Akanigeukia mimi kwanza.

Nikasema, "Huyu ni... huyu ananilimia."

"Anaitwa nani, mama?"

Ndugu zangu! Nilitafuta kichwani sikuona kitu. Marehemu mume wangu alikuwa akimwita kwa jina, hilo nakumbuka, lakini jina lenyewe sikuwahi kulishika. Mimi nilisema "Wewe!" na akaja. Kamera inanitazama, jasho linashuka kwenye kitenge kipya. Nikasema, "Sijui."

Ikawa zamu yake. Hakunicheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mama yetu, Ma Kokusima. Mjane wa Ta Rwegoshora. Anaimba kanisani. Ana watoto wanne."

Nikaona hapo nimepona. Nikadakia, "Watatu! Mnaona? Hata hanijui!"

Akainamisha macho. "Wanne, mama. Kemilembe je?"

Kemilembe ni mtoto wangu wa kwanza. Alifariki akiwa na miaka miwili, tukamzika kibanjani kwetu, kama tunavyozika sisi Wahaya. Sikuweza kubeba ule uchungu, nikamfukia pamoja na jina lake. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nasema watatu. Wengi wenu hamkujua kwamba aliwahi kuwepo. Kaburi lake sikulikaribia tena, nilipita upande wa pili wa shamba.

Hakusema ili kunisuta. Alieleza tu. "Marehemu mzee alinionyesha mwaka wa kwanza. Pale sipitishi jembe. Napalilia kwa mkono." Kisha akasema, "Na mimi nina wangu niliyemzika, pale kando ya kibanda. Mzee aliniruhusu. Siyo shamba ninalotaka, mama. Nikihama, nani atampalilia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka saba nyuma niliambiwa kwamba kibarua amefiwa na mtoto. Sikwenda kutoa pole. Nilichouliza ni kama kesho yake atakuja kukata ndizi za harusi! Ee Mungu wangu! Nililia pale mbele ya watu, makamasi yananitoka. Mtangazaji akataka kusimamisha kipindi kidogo, nikamkatalia. Nikamgeukia yule baba, nikamwita Tata, kama ninavyowaita wanaume wa kwetu. "Tata, unaitwa nani?"

"Yeremia."

Kwa miguu yangu mwenyewe nisingefika kwenye kile kiti. Ni Bwana aliyenikalisha pale! Tulirudi Muleba gari moja. Kesho yake nilikwenda mbele ya ukoo kula matapishi yangu. Waliniita mwendawazimu, na shemeji yangu mwingine mpaka leo hanisalimii, lakini walikubali. Kipande kile sasa ni cha Yeremia.

Kikombe cha plastiki nilikitupa chooni. Nikachukua kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima, nikaenda kibandani kwake kutoa pole iliyochelewa miaka saba. Mke wake aliipokea akaiweka chini, hakuitafuna. Sikumlaumu hata kidogo. Nilirudi wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Mara ya tatu alitafuna punje moja, akanivutia kigoda.

Siku hiyo Yeremia akanipeleka kwa Kemilembe. Ndugu zangu, pale pasafi! Hakuna hata jani. Nilipiga magoti nikamlilia mwanangu, kilio nilichokibana miaka yote. Dharau ilinitoka mbele ya kamera, na uchungu ulinitoka pale chini ya migomba.

Sasa wewe uliyekaa hapo unanitazama, kikombe cha nje umemtundikia nani? Mvuvi aliyekuja kutoka mbali kule visiwani? Binti anayekufulia? Usingoje televisheni ikuumbue kama mimi! Kaa naye, mtazame usoni, mwulize jina lake, na Yesu atakuwa hapo katikati yenu. Mwamini. Kama aliuweza moyo wangu mimi, wako hautamshinda.

Asante, Bwana. Asante, Yeremia. Simama na mkeo hapo, wawaone.

Na mimi nijitambulishe upya mbele zenu. Naitwa Ma Kokusima, mama wa watoto wanne.