Nyemo, Aliyewaketisha Wazee Kwenye Ngozi Moja

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Noeli Chilongola, mdogo wa marehemu na mzee wa kanisa. Leo nimepigiwa simu mbili, naambiwa mzee wa kanisa asisome kwenye maziko ya matambiko. Nasoma.

Bibi Zipora Nyemo Chilongola alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 huko Mlali, ambako sasa ni Wilaya ya Kongwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chilongola na Mama Mwendwa. Wazazi wetu walishika imani ya wazee, ya matambiko ya kuomba mvua. Mimi nilibatizwa. Yeye hakuiacha imani ile mpaka pumzi ya mwisho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alisema Nyemo si jina la shule, akamwandika Zipora. Alilipokea bila ugomvi, lakini nyumbani ole wako umwite hivyo. "Hilo la daftarini," alisema. "Mama yangu alishanipa langu." Alimaliza darasa la saba mwaka 1968, baadaye akasomea mifugo Mpwapwa na kuhitimu mwaka 1973.

Kuanzia 1974 hadi alipostaafu mwaka 2008 alisimamia majosho ya ng'ombe, Kongwa, Mpwapwa hadi Chemba. Watu wakamwita Mama Josho. Alijua ng'ombe wa nani anaumwa, na wazee gani hawasalimiani.

Mwaka 1976 aliolewa na Mzee Sila Ndahani wa Ihumwa, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji naye alikuwa wa imani ya wazee. Alipofariki Agosti 2011, mchungaji hakuwepo, shehe hakuwepo, na wazee wa tambiko wa Ihumwa na wa Mlali wakavutana nani aongoze. Jeneza limeshashuka, watu wanatazamana. Mmoja akasema, "Basi, fukieni tu, jua kali." Dada alisikia. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikanyamaza. Aibu hiyo naitaja hapa kwa sababu ni yangu.

Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja: wazee hawa wapate chombo kimoja cha kuwasemea, na mtu wao asizikwe tena kama hana kwao. Walimcheka. Mwanamke awakutanishe wazee wa mvua? Kila kilima kina tambiko lake, nani atakubali kukaa chini ya mwenzake? Juni 2014 aliwaita kwake Ihumwa. Wakaja tisa, kila mmoja na kigoda chake, wakasimama saa nzima wakitegeana nani akae kwanza. Dada akatandika ngozi ya ng'ombe chini, akaweka katikati ugali wa uwele na mlenda. "Wazee wangu, shikamooni," akasema. "Mlenda hauliwi wima." Mzee Abdulwahab wa Chemba, mwenye jina la msikitini na tambiko la kilimani, akaangua kicheko, akaacha kigoda chake, akaketi kwenye ngozi. Wengine wakamfuata.

Hapo ndipo ulipozaliwa Umoja wa Imani ya Wazee, Kanda ya Kati. Maombi ya usajili yalirudishwa mara tatu, eti hawana kitabu. Mara ya nne, mwaka 2019, ulisajiliwa, na yeye akawa katibu. Mliocheka nawaona mmekuja. Karibuni, chakula kipo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Oktoba mwaka huu alilazwa Dodoma mjini, nami nikampelekea mchungaji wangu ili abatizwe. Sifichi, nilitaka azikwe kwa heshima. "Niombee, mwanangu, asante sana," alimwambia. "Ila maji yaache kwenye ndoo." Mchungaji alicheka, akamwombea, na leo yuko nasi hapa. Kisha Dada akanigeukia. "Noeli, na mimi mtanifukia tu?" Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025.

Ameacha watoto watatu, Denis, Generosa na Elisante, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na Umoja wenye wazee wa matambiko kumi na wanne.

Wazee hao wamesimama nyuma yangu, kila mmoja na kitambaa cheusi cha mvua begani. Hakuna aliyevutana na mwenzake. Mzee Abdulwahab ataongoza. Jua ni kali, najua. Tutasimama mpaka wamalize.

Jibu lako hili hapa, Dada. Hufukiwi tu. Unazikwa. Pumzika kwa amani, Nyemo.