Fideli Nibitanga, Aliyekataa Kuandika Sifuri

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fideli Nibitanga wa Cheyo. Alifariki Alhamisi iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mkewe, Suzana, anasema moyo huo ulichoshwa na fomu.

Fideli alifika Ulyankulu akiwa mtoto, na wazazi wakulima waliokimbia Burundi. Kazi yake ilikuwa kupima. Kampuni moja ilipoanza kukamua mbegu za mbono kupata mafuta ya kuendeshea injini badala ya dizeli, ilimwajiri akokotoe hewa ya ukaa inayotokana na kila lita. Takwimu ziingie kwenye fomu ya taarifa za kampuni, kisha zipelekwe serikalini.

Meneja wake, Ezekia, akamwambia, "Andika sifuri. Mmea ukikua unanyonya hewa hiyo, mafuta yakiungua yanairudisha. Ngoma droo."

Fideli akasonya. "Na msitu mliofyeka Ipole kupata shamba?"

"Fomu haiulizi msitu."

Kweli, haikuuliza. Iliuliza dizeli ya trekta. Iliuliza mbolea. Iliuliza hata umeme wa taa za ofisini! Msitu, kimya.

Akapanda pikipiki hadi Ipole. Huko alimkuta mrina asali, Bi Mwanajuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukata na iliyobaki?"

"Nimekuja kuhesabu iliyokatwa."

Siku tisa walizunguka pamoja, yeye na kamba yake ya kupimia, mama akimwonyesha ilipokuwa miti ya mizinga yake. Visiki elfu nne mia moja na kumi na viwili. Fideli akakokotoa. Ukijumlisha miti hiyo, kwa miaka mingi mafuta yale yangeichafua hewa zaidi kuliko dizeli ya kawaida.

Akaandika hivyo pembeni mwa fomu, maana nafasi haikuwepo. Ofisi ya serikali inayosimamia taarifa hizo ikairudisha: jaza ndani ya visanduku. Akaituma tena, ikarudi. Akaituma tena, ikarudi. Mara tatu, wasikilizaji! Mtu amepima kwa jasho, anaambiwa ametoka nje ya mstari.

"Alikuwa akila huku anagombana na sahani," anasema Suzana.

Mara ya nne hakutuma. Alipakia kisiki cha mninga kwenye gari, akakitua juu ya meza ya ofisa. "Haya, niambieni. Hiki kinaingia kisanduku kipi?"

Wiki hiyohiyo kampuni ikamfukuza. Lakini maofisa walikwenda Ipole, wakajionea. Mwaka uliofuata fomu ilikuja na swali jipya: ardhi hii ilikuwa na nini kabla? Kampuni ikaachana na mpango wa kufyeka msitu uliobaki Ipole kupata shamba la pili. Miti ile bado imesimama, na mizinga ya Bi Mwanajuma imo.

Na Fideli? Hakuna aliyemrudisha kazini. Hakuna hata aliyempigia simu. Alimalizia miaka yake akitengeneza mizani za kupimia tumbaku.

Pole sana Suzana na watoto. Poleni ndugu wa Ulyankulu, mliompumzisha Jumamosi. Mungu awatie nguvu. Nawe unayetusikiliza ukiwa na kalamu mkononi, jiulize: leo umeandika nini kwa sababu tu uliambiwa uandike?