Fundi Josphat Nyambu, Aliyepanda Wusi Kumtafuta Ndugu Yake

Mengi katika historia hii tuliyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa dada mkubwa wa marehemu, Bi. Priscilla Wakesho, aliyesimama mbele ya wakwe mjini Voi, Jumamosi tarehe 18 Desemba 2021, siku ya harusi ya Rita, binti wa marehemu, akaeleza kwa nini harusi hiyo ilisogezwa mbele; mengine tumeyathibitisha kwa vyeti na kwa wazee, na tarehe ambayo hatukuwa na hakika nayo hatukuiandika.

Josphat Nyambu Mwasaru alizaliwa hapa mlimani Wusi tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa marehemu Lewis Mwasaru na marehemu Mkamburi, akitanguliwa na Priscilla na kufuatwa na Mark. Alisoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1966, kisha akashuka kufanya kazi katika shamba la mkonge, ambako alijifunza kuunganisha mabomba, na mwaka wa 1972 akaajiriwa katika idara ya maji mjini Voi, alikotumika hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006.

Kustaafu hakukumkalisha chini. Mitaa ya Mwakingali, Sofia na Birikani mjini Voi ilimjua: aliitwa asubuhi kutengeneza mfereji, na saa ya chakula cha mchana bado alikuwa hapo, bawaba ya mlango ameshaikaza, mtoto wa nyumba amempakata, hata kina mama wakawa wakiambiana, "Ukimwita Nyambu, ongeza mchele."

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Fridah Mukonyo, binti wa mtaa wa Sofia, wakajaliwa Carolyne, Titus na Rita. Wajukuu aliwatengenezea bembea kwa mabomba ya zamani, na alikuwa akiijaribu yeye mwenyewe kwanza, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa tuseme lililomsumbua. Mwezi wa Agosti 2000, wakati wa ukame, marehemu na Mark walivuta maji kutoka chemchemi iliyo katika shamba la Mark, na marehemu, ambaye hakuweza kumwona jirani amebeba mtungi akanyamaza, aliwaunganishia watu wa chini mfereji wao bila kumwuliza mdogo wake, maji yakapungua, kabichi za Mark zikakauka zote. Marehemu alimwomba radhi kwa mzaha, na mzaha huo ukaumiza kuliko kabichi. Mark alimwambia mbele ya watu, "Basi wewe ni ndugu ya kila mtu, mimi nitoe," na tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata mwaka wa 2008 walipomzika mama yao.

Mwezi wa Mei 2021 madaktari waligundua kuwa marehemu ana saratani ya tezi dume, wakati ambapo harusi ya Rita ilikuwa imepangwa Agosti. Marehemu alisema hatamtoa binti nyumbani huku baba yake mdogo ana kinyongo, na kwamba ni lazima Mark afanye kutasa kama wazee wetu walivyofanya, yaani aitamke hasira yake yote, kisha apulize nje funda la maji ili isibaki kitu moyoni. Rita alilia, akasema harusi iendelee tu, lakini baba yake akamjibu, "Ngoja, mama, hii kazi sijamaliza."

Alipanda Wusi mwezi wa Juni, Mark akatoka kwa njia ya nyuma asionane naye. Alipanda Julai, akaambiwa Mark yuko sokoni Wundanyi. Daktari alimtaka apumzike, naye akapanda tena tarehe 2 Oktoba, akiwa na mpira wa mkojo wa hospitali chini ya nguo, akisindikizwa na Priscilla, akakaa uani mpaka Mark akatoka, akamwambia bila kucheka, "Mark, nilikukosea. Maji yalikuwa yako na sikukuuliza."

Mark akasema, "Mimi ni mzee wa kanisa, na serikali imetuvalisha barakoa. Sasa unataka niteme maji wapi?"

"Basi tema chai, mdogo wangu. Hiyo ya Mama Alexander ina tangawizi, kanisa litaelewa."

Mama Alexander, mke wa Mark, ndiye aliyecheka kwanza. Mark alivua barakoa, akasema yote, ya kabichi na ya mazishi ya mama, mengine makali sana, marehemu akiyapokea ameinamisha kichwa, kisha Mark akachukua funda la chai akalipuliza kwenye majani, akasema hasira imetoka. Wiki ileile tarehe ya harusi ikapangwa upya.

Marehemu aliendelea na matibabu hadi Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alipofariki mjini Voi, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka sabini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mwakingali na wa Wusi, na wote aliofanya nao kazi idara ya maji. Lala kwa utulivu, Fundi, kazi umeimaliza.

Kati ya waliokuwa uani siku ile, Priscilla alitutoka mwaka wa 2023, na leo tunamzika Josphat. Mama Alexander yu hai. Mark yu hai, na ndiye atakayetia udongo wa kwanza.