Historia ya Mdogo Wetu, Mhariri wa Filamu ya Mafuriko

Marehemu mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa kitinda mimba wa fundi saa na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1978, ambako hesabu zilimpiga chenga, lakini kwenye picha hakuna aliyemfikia.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika studio ya filamu, akianza kwa kufagia chumba cha uhariri, hadi akawa mhariri mkuu tarehe 1 Juni 1994. Alifunga ndoa na mwalimu wa muziki tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani yeye ndiye aliyeosha vyombo, ingawa alivunja vingi.

Mwaka 2009 alikabidhiwa filamu iliyotokana na riwaya ya dada yake mkubwa, inayomhusu mama aliyekataa kuhama bondeni akimsubiri mwanawe, hadi bwawa likapasuka, na kwa kuwa picha za mafuriko zilikuwa za kushika roho, aliyapa maji dakika kumi na nne, mama akaambulia mbili. Siku ya uzinduzi, tarehe 4 Septemba 2010, ukumbi mzima uliyapigia maji makofi, dada akatoka bila kuaga, akamwandikia kwamba watu wameyaona maji yote ila hawakumjua aliyezama. Kwa zaidi ya miaka kumi na mmoja hawakusemezana.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo, na akiwa kitandani aliihariri upya filamu ile, akiyapunguza maji, akimrudisha mama anayekunja shati la mwanawe na kuchungulia dirishani. Jumatano, tarehe 2 Februari 2022, alimpigia dada simu aje kuitazama, dada akajibu kwa kiburi kwamba labda Jumapili. Marehemu alifariki Ijumaa, saa nne asubuhi.

Jumapili dada alikuja, akaitazama peke yake, na maji yalipofika alijikuta akimpigia mama yule kelele akimbie, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba hatakimbia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolaza wageni wetu, na wenzake wa studio waliomletea mitambo hadi chumbani. Dada huyo ndiye anayewasomea historia hii, na anaomba msamaha mbele yenu, akiwa amechelewa siku mbili.

Mdogo wangu, nimeitazama hadi mwisho, ni nzuri sana. Pumzika sasa, kwa amani.